Shajara ya mradi: Hysteria ya Def Leppard, kutoka Dublin 1984 hadi sokoni 1987

Shajara hii inafuata kazi ya kurekodi albamu ya nne ya Def Leppard, bendi ya roki ya Sheffield, Uingereza. Imepangwa kwa tarehe na kwa hatua: kipi kilikuwa mezani, kipi kilitupwa, kipi kilibaki kwenye tepu. Wengi wanaoijua albamu hii kwa kuisikia tu hudhani ilichelewa kwa sababu ya anasa na pesa nyingi. Ukiifuata kazi yenyewe unaona jambo jingine. Sehemu kubwa ya muda ilipotea kabla njia ya kazi haijapatikana. Njia ilipopatikana, mwendo wa polepole uliofuata ulikuwa na sababu yake ya kiufundi, na ndiyo tunayoieleza kwa kirefu hapa.

Hali ya kuanzia

Pyromania ilitoka Januari 1983. Marekani ilifika nafasi ya 2, na kilichoizuia kupanda zaidi ni Thriller ya Michael Jackson. Kwa hiyo deni la albamu iliyofuata lilijulikana tangu siku ya kwanza: iwe kubwa kuliko hiyo, wala isiwe nakala yake.

Kikosi: Joe Elliott (mwimbaji), Steve Clark na Phil Collen (magitaa), Rick Savage (besi), Rick Allen (dramu). Prodyuza aliyetarajiwa ni Robert John Lange, ambaye kila mtu humwita Mutt. Alizaliwa mwaka 1948 Mufulira, mji wa machimbo ya shaba katika Zambia ya leo, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, akakulia Afrika Kusini kabla ya kuhamia Uingereza. Ndiye aliyeitengeneza Pyromania, na lengo aliloiwekea bendi lilikuwa la wazi: albamu ya roki iliyojengwa kama Thriller, ambayo kila wimbo ungeweza kutolewa peke yake kama singo.

Lengo hilo linabadilisha hesabu yote. Albamu ya kawaida ya roki ya wakati ule ilihitaji nyimbo mbili au tatu za redio, na nyingine zilijaza nafasi. Hapa hakuna wimbo wa kujaza nafasi. Kila mmoja unadai kiitikio chake, rifu yake (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia), mpito wake, na kila mmoja unaweza kurudishwa mwanzo.

Februari 1984, Dublin

Bendi inahamia Ireland. Sababu ni kodi ya mapato: kiwango cha juu Uingereza wakati huo kilikuwa asilimia 60, na pesa za Pyromania zilikuwa zinaingia. Wanapanga nyumba Booterstown, kusini mwa jiji, na kuanza kutunga. Lange anashiriki kwenye utungaji, kisha anajitoa kwenye kurekodi. Amechoka, ametoka moja kwa moja kwenye kazi ndefu ya kurekodi bendi ya Marekani, The Cars, na mwili umegoma.

Hapa ndipo tatizo la kwanza linapozaliwa, ingawa halionekani bado. Nyimbo zimetungwa kwa kumfikiria Lange. Muundo wake, vipande vyake vya sauti za kuitikia, nafasi zilizoachwa kwa ajili ya tabaka za magitaa, yaani magitaa yanayorekodiwa moja juu ya jingine, vyote vinasubiri mtu anayejua kuzijenga tabaka hizo. Unapombadilisha prodyuza katika hatua hii hubadilishi msimamizi peke yake. Ramani inabaki ile ile, ila fundi aliyeichora hayupo.

Agosti 1984, Hilversum

Kazi inaanza studio za Wisseloord, Hilversum, Uholanzi. Prodyuza ni Jim Steinman, mtunzi wa nyimbo za Bat Out of Hell ya Meat Loaf.

Mgongano ni wa njia ya kazi, na ni vizuri kuueleza bila kumdharau yeyote, maana pande zote mbili zilikuwa na hoja. Steinman anataka bendi ipige pamoja ndani ya chumba na tepu ishike joto la wakati huo. Kasoro ndogo ya tuni au ya mdundo kwake ni sehemu ya uhai wa wimbo. Bendi nayo imetoka kwa Lange, ambapo gitaa lililoteleza kidogo hupigwa tena, na tena, hadi linyooke.

Kiufundi njia hizo mbili hazichanganyiki katikati ya kazi. Ukirekodi watu watano kwa pamoja, sauti ya dramu inaingia kwenye maikrofoni za magitaa na ya magitaa inaingia kwenye maikrofoni za dramu. Uvujaji huo ndio unaotoa hisia ya chumba kimoja. Lakini ukitaka baadaye kufuta gitaa moja na kulipiga upya, mzimu wa lile la zamani unabaki ndani ya traki za dramu, yaani mistari ya tepu iliyorekodi dramu. Njia ya kwanza inakutaka uamue mapema. Njia ya pili inakuruhusu kuahirisha uamuzi, mradi kila chombo kiwe kimetengwa. Bendi ilitaka matokeo ya njia ya pili, huku prodyuza akiongoza kwa njia ya kwanza.

Kabla ya mwaka kwisha Steinman anaachishwa na kulipwa haki zake. Kilichorekodiwa chini yake hakitumiki.

Mwisho wa 1984, Hilversum

Jaribio la pili: bendi inajisimamia yenyewe pamoja na Nigel Green, mhandisi wa sauti aliyewahi kufanya kazi na Lange. Sasa njia ni ile wanayoitaka, na mikono ya kiufundi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema "hapana" kwa mamlaka. Katika kazi ya tabaka, swali kubwa kila siku ni kama kipande kilichopo kinatosha kubeba kitakachowekwa juu yake. Watu watano waliotunga wimbo huo huo hawana masikio ya nje ya kulijibu. Vipande vinaongezeka na wimbo hausogei. Karibu kazi yote ya kipindi hiki nayo itafutwa baadaye.

31 Desemba 1984

Rick Allen, mwenye umri wa miaka 21, anapata ajali ya gari kwenye barabara ya A57 karibu na Sheffield. Mkono wa kushoto unakatika. Madaktari wanaurudishia, lakini maambukizi yanaingia na inabidi uondolewe kabisa.

Bendi haitafuti mpiga dramu mwingine. Uamuzi huo ulikuwa wa kibinadamu kwanza, nao ndio uliokuja kuamua sauti ya albamu nzima.

Mwanzoni mwa 1985: dramu mpya

Akiwa kitandani hospitalini, Allen anaanza kugonga midundo kwa mguu kwenye kipande cha sponji kilichowekwa kumzuia asiteleze. Anagundua kwamba mguu wa kushoto unaweza kufanya kile ulichofanya mkono wa kushoto. Kutoka hapo unatengenezwa mfumo wa pedali za kielektroniki, kisha kampuni ya Simmons inamtengenezea seti kamili ya dramu za umeme.

Mpangilio wa pedali za mguu wa kushoto, kuanzia kushoto kwenda kulia: matoazi ya mguu yakifungwa, dramu kubwa ya besi, sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), na tomu (dramu ya mlio mzito kidogo isiyo na ukali huo). Mkono wa kulia na mguu wa kulia vinaendelea na kazi zao kama kawaida.

Msomaji asiyepiga dramu huenda asione ugumu ulipo. Kwenye seti ya kawaida mguu wa kushoto unakaa mahali pamoja: unakanyaga matoazi na kuyashikilia yawe yamefungwa, na mkono wa kushoto ndio unaopiga sneya kwenye pigo la 2 na la 4. Sasa mguu huo huo lazima upige sneya, kwa hiyo hauwezi tena kuyashikilia matoazi. Ndiyo maana matoazi nayo yanahitaji pedali yake ya umeme: yasingefungwa kwa njia nyingine. Mguu ambao zamani ulitulia sasa unahama pedali hadi pedali, na kila kuhama kunakula sehemu ya sekunde. Mapigo ya haraka ya kujazia kati ya beti inabidi yapangwe upya kabisa, maana mengi yalitegemea mikono miwili kupishana.

Mifumo hii ina magonjwa yake. Ndani ya kila pedali kuna kihisi kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, na umeme huo unaiamsha sauti kwenye mashine. Pedali zilizofungwa kwenye fremu moja hutikisana: ukikanyaga ya sneya kwa nguvu, ya tomu iliyo jirani inaweza kulia bila kuguswa. Tiba ni kupandisha kizingiti cha kihisi, yaani kiasi kidogo kabisa cha mtikisiko kinachohesabiwa kuwa pigo. Ukikipandisha mno, mapigo mepesi hayasikiki tena. Ugonjwa wa pili ni pigo moja kuhesabiwa mara mbili, kwa sababu pedali inaendelea kutetemeka baada ya kukanyagwa. Hapo mashine huambiwa ipuuze kila kitu kwa milisekunde chache baada ya pigo la kwanza. Ukizidisha muda huo, mapigo mawili ya haraka yanageuka moja. Kati ya mipaka hiyo ndipo mpigaji anapotafuta mahali pa kufanyia kazi, na mahali hapo panabadilika kadiri mguu unavyopata nguvu.

Matokeo kwenye muziki yanasikika waziwazi. Mdundo wa Hysteria ni mzito, wa mwendo wa kati, wenye mapambo machache kuliko Pyromania. Wasikilizaji wengi wanauita upungufu. Sisi tunauona kuwa ndio uliofungua nafasi ya tabaka za sauti zilizokuja juu yake: mdundo wenye mapigo mengi madogo ungegombana nazo.

1985: Lange anarudi

Lange amepumzika na anarudi kazini. Anasikiliza kilichopo. Hukumu ni kuanza upya.

Inauma kuandika hivyo baada ya miezi mingi ya kulipia studio, lakini haikuwa na mbadala. Tabaka za Lange zinadai msingi uliowekwa kwa kusudi hilo. Kuanzia hapa kazi inazunguka katika Wisseloord, Windmill Lane ya Dublin, na Studio des Dames ya Paris.

Hatua za kujenga wimbo mmoja

Mpangilio wa kawaida wa studio huanza na dramu, halafu besi, magitaa, mwimbaji, waitikiaji. Kwenye Hysteria dramu zimewekwa mwisho. Magitaa na sauti zinarekodiwa juu ya mdundo wa mashine wa kuongozea, na dramu halisi za albamu zinajengwa baadaye kwa sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti vilivyorekodiwa, kwenye Fairlight, kompyuta ya muziki ya Australia.

Sababu ni muundo wa wimbo. Lange alikuwa akibadilisha urefu wa beti, mahali pa kiitikio na mipito hadi dakika za mwisho. Ukiwa na dramu za kweli kwenye tepu, kila badiliko linadai kukata tepu kwa wembe au kupiga dramu upya. Mdundo wa mashine unaandikwa tu upya.

Faida hiyo ina gharama zake. Mpiga gitaa anayefuata mashine anakosa kitu cha kusukumana nacho, hivyo lazima alete msukumo kutoka mkononi mwake. Kisha dramu zikija mwisho, lazima zilingane na magitaa yaliyokwisha kukaa. Sneya ikitangulia kwa milisekunde 15 tu, mdundo mzima wa magitaa unaonekana unachelewa, ingawa haujaguswa. Mashine za sampuli za miaka hiyo nazo zilikuwa na mipaka: nyingi zilikuwa za biti 8, na kwa kuwa kila biti hutoa takribani desibeli 6, unapata desibeli 48 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na kelele. Mkia wa sneya unapofifia unaanza kukwaruza. Dawa ya kawaida ni kuukata mkia huo na kuweka mwangwi wa studio mahali pake, na hiyo ni sehemu ya sababu dramu za enzi ile zina pigo fupi lenye ukumbi mkubwa nyuma yake.

Tukija kwenye magitaa, ndipo utajiri wenyewe ulipo. Sehemu kubwa ya magitaa ya albamu hii haikupita kwenye ukuta wa amplifaya. Ilipita kwenye Rockman, kisanduku kidogo kilichobuniwa na Tom Scholz wa bendi ya Boston, kilichokusudiwa kwanza kusikilizwa kwa hedifoni. Sauti yake ni nyembamba, imebanwa, na imejaa masafa ya kati, yaani sauti zisizo nzito wala nyembamba mno. Ukiisikiliza peke yake huenda ikakukatisha tamaa. Ukiweka ishirini zake pamoja, kila moja inakaa kwenye mstari wake bila kumeza nyingine, na besi na dramu kubwa zinabaki na chini yao wenyewe.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi vya kutosha, nayo ni kurudiwa. Amplifaya kubwa yenye maikrofoni mbele yake haitoi sauti ile ile mara mbili. Valvu zinazeeka, maikrofoni inasogezwa sentimita mbili na mfagiaji, unyevu wa chumba unabadilika. Kazi ikichukua miaka, na ikihamia nchi tatu, mpiga gitaa anayetaka kurekebisha noti nne za wimbo wa mwaka jana anahitaji kuzipata kwa rangi ile ile. Kisanduku kilichochomekwa moja kwa moja kwenye meza ya sauti kinampa hilo.

Kisha kuna kordi zilizorekodiwa waya mmoja mmoja. Badala ya kupiga kordi nzima, mpiga gitaa anarekodi noti ya kwanza peke yake, anarudi anarekodi ya pili, kisha ya tatu, kila moja kwenye nafasi yake. Mtu asiyejua sababu huona huu ni ukaidi. Sababu ni ya fizikia. Gitaa lenye mkwaruzo, yaani sauti iliyokuzwa hadi ikakwaruza, halizidishi sauti sawasawa. Noti mbili zikipita pamoja ndani ya mkwaruzo, zinazaa sauti mpya ambazo ni jumla na tofauti ya masafa yake. Chukua noti ya A yenye hezi 110 na E ya juu yake, hezi 164.8. Tofauti ni takribani 55, ambayo ni A nyingine ya chini kabisa. Inapendeza, na ndiyo maana roki nzito inapenda kordi za noti hizo mbili. Sasa ongeza C yenye kali (C#), hezi 138.6, ili kordi iwe kamili. Tofauti yake na A ni 28.6 na jumla ni 248.6, ya kwanza ni mngurumo, ya pili inaangukia karibu na B ambayo haimo kwenye kordi. Hapo ndipo kordi kamili yenye mkwaruzo inapogeuka matope. Ukizirekodi noti mojamoja, kila moja inapita kwenye mkwaruzo peke yake, na zinakutana baadaye kwenye meza ya sauti ambako hakuna kuzaliana. Unapata uzito wa mkwaruzo pamoja na uwazi wa kinanda.

Gharama yake: kordi ya noti tatu inakuwa kazi ya mara tatu, na tuni lazima iwe kamili kwa kila waya, kwa kuwa hakuna mahali pa kujificha. Waya unaobonyezwa kwa nguvu kidogo zaidi unapanda, na noti iliyorekodiwa saa nzima baada ya mwenzake inafichua hilo mara moja.

Sauti za kuitikia zimejengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Chukua mfano wa kiitikio chenye sauti tatu. Watu wanne wanaizunguka maikrofoni na kuimba noti moja ile ile, wanairudia mara nne kwenye traki nne. Kisha noti ya pili, traki nne. Kisha ya tatu. Tayari ni traki 12 na sauti 48, kwenye tepu ya inchi 2 yenye traki 24 tu, ambayo magitaa yameshaijaza. Njia ya kutoka ni kutumia roli ya pili. Traki ya pembeni kabisa inabeba msimbo wa muda wa kufunganisha mashine mbili, traki iliyo jirani nayo inaachwa wazi ili mlio wa msimbo usivuje, mbili zinabeba mchanganyiko wa kuongozea, na 20 zinabaki kwa sauti. Sauti zikikamilika, zinafinywa kuwa traki 2 na kurudishwa kwenye roli mama. Kila kunakili kunaongeza kelele ya tepu. Nakala ya kwanza peke yake inaongeza karibu desibeli 3. Kwa hiyo kuna kikomo cha mara ngapi unaweza kufinya kabla ya mvumo kusikika kwenye vituo vya kimya.

Tepu yenyewe nayo huchakaa. Kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde, roli ya futi 2,500 inaisha kwa dakika 16 na nusu hivi, na kila inapopita kwenye vichwa vya mashine inaacha vumbi kidogo la oksidi. Sauti za juu ndizo zinazoondoka kwanza. Wimbo uliochezwa mamia ya mara wakati wa kurekodi hupoteza mng'ao wake kabla haujafika kwenye miksi, hatua ya kuchanganya traki zote kuwa wimbo mmoja. Mafundi wenye nidhamu hunakili roli mama mapema na kufanya kazi juu ya nakala.

Kwenye maandishi ya albamu waitikiaji wametajwa kwa jina la The Bankrupt Brothers. Ni bendi yenyewe pamoja na Lange.

Wimbo wa Animal

Uko kwenye orodha tangu mwanzo. Kwa muda fulani jina la albamu lenyewe lilikuwa Animal Instinct. Hadi sauti yake ya mwisho kupatikana, ilichukua karibu miaka mitatu. Huu ndio mfano mzuri wa wimbo unaokataa kukaa: unaonekana mwepesi, lakini rifu ikibadilishwa, kiitikio kinakosa pa kutua, na kiitikio kikibadilishwa, ubeti unaonekana unatoka wimbo mwingine.

Wimbo wa Rocket na ngoma za Burundi

Joe Elliott analeta wazo la wimbo unaosimama juu ya mzunguko wa ngoma, akiwa amevutiwa na Burundi Black, rekodi ya mwaka 1971 ya Mfaransa Mike Steiphenson. Steiphenson alichukua ngoma za kifalme za Burundi zilizorekodiwa mwaka 1967 na kutolewa na lebo ya Ocora ya Ufaransa, akaziwekea kinanda na gitaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi kadhaa za Uingereza zilikuwa zimekwisha kuupenda mdundo huo.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu linatugusa. Ngoma hizo huchongwa kwa gogo la mti wa umuvugangoma. Katikati hukaa inkiranya inayoongoza, pembeni amashakwe zinazoshika mapigo yasiyokatika, na ibishikizo zinazoifuata inkiranya. Ngoma hii ya kifalme iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Sikiliza mwanzo wa Rocket kwa hedifoni: tomu zinazozunguka bila kukatika zinafanya kazi ya amashakwe, na sneya inayoingia juu yake inashika nafasi ya anayeongoza. Wapigaji wa 1967 walistahili majina yao kuandikwa kila mahali mdundo huo ulipofika.

Ndani ya wimbo huo huo kuna sauti zilizogeuzwa nyuma mbele, zikitoka kwenye Gods of War, wimbo mwingine wa albamu hii. Kwa tepu, hilo ni suala la kuigeuza roli kichwa chini. Kumbuka tu kwamba traki nazo zinajigeuza, ya 1 inakuwa ya 24, na ukikosea unafuta gitaa la mwenzako.

1986

Elliott anapata matubwitubwi. Lange naye anapata ajali ya gari na kuumia miguu, lakini anapona upesi. Steve Clark anahangaika na pombe. Mradi unasogea.

Agosti, kabla ya maonyesho makubwa ya kiangazi, bendi inafanya maonyesho madogo Ireland kuipima seti mpya ya dramu mbele ya watu. Kwa tahadhari, Jeff Rich, mpiga dramu wa bendi ya Uingereza Status Quo, anapiga sambamba na Allen. Siku moja Rich anachelewa kufika na Allen anapiga peke yake. Baada ya hapo mpigaji wa pili hahitajiki. Tarehe 16 Agosti 1986 wanapanda jukwaa la tamasha la roki la Monsters of Rock, Donington, Uingereza.

Kwa mradi, hili lilikuwa jaribio lenye thamani kuliko wiki nyingi za studio. Lilithibitisha kwamba midundo iliyopangwa kwa sampuli inaweza kupigwa na mtu mmoja, moja kwa moja, bila mashine kumsaidia.

Karibu na mwisho wa mwaka, albamu ikionekana imekamilika kwa nyimbo 11, Lange anamsikia Elliott wakati wa mapumziko akichezea rifu kwa gitaa kavu. Anamwambia hicho ndicho kiitikio kilichokuwa kinakosekana. Pour Some Sugar on Me inatungwa na kurekodiwa kwa wiki mbili hivi. Ulinganishe na Animal. Njia ni ile ile, watu ni wale wale, vifaa ni vile vile. Tofauti ni kwamba mwishoni mwa 1986 kila mmoja alishajua gitaa linapita wapi, waitikiaji wanajengwaje na dramu zinakuja lini. Miaka iliyotangulia ilikuwa imeijenga karakana.

Januari 1987

Kipindi cha mwisho cha kurekodi, kwa ajili ya Armageddon It.

Miksi, 1987

Mhandisi wa sauti Mike Shipley pamoja na Lange, miezi mitatu hivi. Kazi ngumu hapa ni ya kupunguza. Tabaka zote ni nzuri zikiwa peke yake, kwa hiyo kila moja lazima ikatwe chini na juu hadi ibaki na kipande chake tu cha masafa. Gitaa likisikilizwa peke yake baada ya ukataji huo linasikika dogo mno. Fundi asiyezoea hulirudishia besi, na miksi nzima inajaa ukungu.

Albamu ina nyimbo 12 na dakika 62 na nusu. Kwa kaseti na CD hakuna shida. Kwenye santuri ya vinili ni zaidi ya nusu saa kila upande, wakati mafundi wanapendelea dakika 18 hadi 22. Mifereji inasongamana, hivyo sauti lazima ikatwe kwa kiwango cha chini na besi kudhibitiwa, vinginevyo mfereji mmoja unaingia kwenye jirani yake na sindano inaruka. Nyimbo zilizo karibu na kitovu huumia zaidi, kwa kuwa duara ni dogo na kila sekunde inapata urefu mfupi wa mfereji. Upande wa kwanza unaishia na Armageddon It, wa pili na Love and Affection. Mwenye santuri ya zamani anaweza kusikiliza matoazi ya nyimbo hizo mbili na kuyalinganisha na ya CD.

3 Agosti 1987 na baada yake

Hysteria inatoka. Jina lilitoka kwa Rick Allen, kutokana na ajali yake na kelele za vyombo vya habari zilizofuata. Hesabu ya menejimenti: lazima ziuzwe nakala milioni 5 ndipo gharama zirudi.

Uingereza inaingia moja kwa moja nafasi ya 1, na Animal inafika nafasi ya 6. Marekani mwanzo ni mzito. Singo ya kwanza huko, Women, inaishia nafasi ya 80. Kinachogeuza mambo ni Pour Some Sugar on Me mwaka 1988, ikiwa na video mpya ya jukwaani. Inafika nafasi ya 2, na Julai 1988 albamu inashika nafasi ya 1, karibu mwaka mzima tangu itoke. Oktoba Love Bites inakuwa singo yao ya kwanza kushika nafasi ya 1 Marekani. Huko peke yake albamu imethibitishwa kuuza nakala milioni 12. Ndiyo albamu ya mwisho Steve Clark kuikamilisha na bendi; alifariki tarehe 8 Januari 1991.

Rocket ilitolewa Marekani mwanzoni mwa 1989, ikiwa singo ya saba. Kwa hiyo nyimbo zote sita za upande wa kwanza wa santuri zilitoka kama singo, na wa saba, wenye jina la albamu, ukatoka upande wa pili.